Noti Zisizovuka Matatiele

Matatiele, Jumatano, 2 Machi 2005

Mama Tlalane,

Naandika nimekalia gunia la mtu hapa stendi. Dereva wa basi la Qacha's Nek anageuza saa nane, atakuletea barua hii. Simu ya dukani sikuitaka, unamjua Thelejane: unamlipa dakika tatu na yeye anazisikiliza zote tatu, jioni kijiji kizima kinajua mumeo kala nini.

Kazi imekwisha. Nimetoa zote, elfu kumi na nane, kama ulivyosema. Kusema kweli pale benki ya Qacha's Nek, kabla ya kuvuka mpaka, nilisita. Halafu nikakumbuka mwaka jana tulipokuja hapa na kadi ya chama chetu cha wafugaji kununua dawa ya kuogeshea kondoo. Mashine inakupa kidogo kidogo, na kila ukiingiza kadi, benki yetu inakata kwa kuwa uko Afrika Kusini, nchi ya watu, na mwenye mashine naye anakata. Tuliingiza mara nne tu, makato yakala bei ya kondoo jike mzima. Mwenyekiti Phoofolo analitaja mpaka leo. Safari hii benki haitakula hata kwato, na sifa ni zako, mke wangu.

Yule dada wa dirishani aliniuliza, "Baba, nikupe randi au maloti?" Nikamwambia, dada yangu, si kitu kimoja hicho? Randi moja ni loti moja tangu nipate akili. Nipe zetu, zenye uso wa mfalme Moshoeshoe, nisije nikasahau nyumbani. Akacheka, akanihesabia.

Zote zimo kwenye mfuko ulionishonea ndani ya fulana. Natembea nimevimba kifua kama askari. Hapa nimenunua mkate na chai kwa noti yetu, mwenye duka hata hakuitazama mara mbili.

Jumamosi ndiyo mnada wa Cradock. Madume manne ya kondoo wa Karoo kwa nyumba kumi na nne, na yafike kabla majike hayajaanza kupandishwa mwezi ujao. Ukiandika, andika kwa Mama Nontsizi, Cradock, yule mama wa kanisa tuliyeelekezwa na mchungaji. Wenye malori ya sufu wote wanapajua kwake.

Mbusu Tlalane.

Lefa


Ha Ramothupi, Jumapili, 6 Machi

Baba Tlalane,

Barua imefika na imenifurahisha kwa muda wa kama kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu akaingia Mama Mokete kuomba chumvi. Mama Mokete ana chumvi ya kulisha ng'ombe mwaka mzima. Alikaa mlangoni macho yakiwa zizini, akasema, "Nasikia mweka hazina wetu alizitoa zote, hakubakiza hata senti ya kufungia akaunti." Mpwa wake alikuwa nyuma yako kwenye foleni, mume wangu. Ukimwona mtu kavaa kofia nyekundu ya sufu Qacha's Nek, ujue ni redio.

Sasa wanasema ni yaleyale ya kaka yangu. Sikutaka kuliandika jina lake ukiwa safarini, lakini wao wanalitaja hadi kisimani. Miaka sita, Lefa. Mohapi alikuwa mweka hazina kama wewe, akaenda mnada huohuo na elfu sita za chama, mpaka leo hajarudi wala hajaandika. Ushauri wa kuzitoa zote kabla ya kuvuka nilimpa na yeye. Na alinisikiliza, maana karatasi ya benki ilionyesha: mara moja, siku moja, zote. Phoofolo aliitupa miguuni pangu mbele ya watu: "Hivi ndivyo mwizi anavyotoa pesa." Niliiokota. Bado ninayo kwenye kopo la majani ya chai.

Najua ulikubali kazi hii kwa ajili yangu, jina la nyumba yetu litakate. Kwa hiyo fanya haraka, nunua madume, rudi. Usiongee na watu usiowajua. Usivue fulana hata kama kuna joto.

Moliehi


Cradock, Jumanne, 8 Machi

Mama Tlalane,

Sijapata barua yako bado. Nimefika salama, usiwe na wasiwasi.

Mnada ulikuwepo Jumamosi lakini madume hayakunipendeza. Miguu mibaya. Sufu nzuri juu, chini miguu ya kuazima. Kuna mnada mwingine tarehe 2 Aprili, wa mwisho msimu huu, nimeonelea niusubiri. Mwambie Phoofolo hivyo hivyo, habari ya miguu.

Mama Nontsizi ni mtu mzuri. Anauza maandazi mbele ya benki. Namkatia kuni asubuhi na jioni, basi tu, kunyoosha mgongo.

Mambo mawili madogo. La kwanza, ukimwona mzee Ramaisa aliyechimba dhahabu Welkom, mwulize kwa utani, usiseme nimeuliza mimi: wao zamani wakitoka likizo kurudi migodini, pesa ya nyumbani walikuwa wanaifanya nini huku? La pili, ukipata noti za Afrika Kusini, zile zenye wanyama, nitumie ndani ya bahasha. Hata ya kifaru moja. Noti zetu ni kubwa, chenji inasumbua.

Joto ni kali. Chakula kipo.

Lefa


Ha Ramothupi, Jumanne, 15 Machi

Lefa,

Nimekuwa mke wako miaka kumi na saba. Hujawahi kuandika kwenye barua kwamba chakula kipo. Wewe hutaja nyama, hutaja mafuta yaliyoelea, hutaja nani alinyimwa. "Chakula kipo" ni maneno ya mtu mwenye njaa.

Nikadhani mwanamke. Nisamehe, nilidhani hivyo siku nzima, nikamshuku hata huyo mama wa maandazi. Halafu nikaenda kwa Ramaisa na ule utani wako. Alikuwa anashona tandiko la farasi. Alicheka, akasema, "Maloti? Ukipita Matatiele hiyo ni karatasi ya kuwashia moto, binti. Sisi tulikuwa tunabadili hapahapa kabla ya kupanda basi, moja kwa moja, bila senti kukatwa. Dirishani ukiomba randi wanakupa." Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Kwani Lefa amekwenda na zipi?"

Nikasema amekwenda na randi. Nimemdanganya mzee wa watu usoni pake, na Jumapili nilikaa naye benchi moja kanisani.

Dada wa dirishani alikuuliza, Lefa. Alikuuliza na wewe ukamtania.

Lakini wewe ulikwenda kwa maneno yangu. Mimi ndiye niliyepiga kelele "toa zote, toa zote," kama vile nimezaliwa ndani ya benki. Sisi maishani tumefika Matatiele tu, tukaona wanapokea, tukadhani nchi yote ni Matatiele. Na chama hakitaki mtu wa nje ajue pesa iko wapi, kwa hiyo hatukumwuliza yeyote ambaye angetuambia.

Niambie kweli. Umelala wapi? Umekula nini? Pesa iko wapi?

Huku hakuna shida. Kondoo wetu wazima, siku hizi wanalala karibu na watu, usiwawaze.

Mama Tlalane


Cradock, Jumapili, 20 Machi

Moliehi wangu,

Haya, kweli ndiyo hii.

Madume yalikuwa na miguu mizuri kuliko yangu. Nilishinda la kwanza kabisa. Niliinua mkono, blanketi begani kama Msotho yeyote, nyundo ikagonga, mzungu aliyenadi akasema, "La kwako, baba wa blanketi," na watu wakanipigia makofi. Nikaenda mezani kwa mama wa miwani, nikavua fulana nusu mbele za watu, nikaweka noti. Akaisukuma moja kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni nini?"

"Hela, mama."

"Ya wapi?"

Nikasema Lesotho. Akamwita mwenzake. Yule akaigeuza huku na huku akitafuta mnyama, akamkosa. "Na huyu mzee mwenye kofia ni nani?" Nikasema ni Moshoeshoe. Akasema, "Mwambie samahani, hapa hatumjui." Walicheka, Moliehi. Dume langu likapigwa mnada upya mimi nikiwa nimesimama palepale na fulana mkononi.

Benki ya hapa wamesema noti hizi wanazipokea benki za mpakani tu. Mpakani ndiko nilikotoka. Nauli ya kuja niliilipa Matatiele, wakaipokea; ya kurudi ninayo, ya maloti, na dereva wa teksi wa huku naye hataki maloti. Nina elfu kumi na nane kifuani na siwezi kununua andazi. Mama Nontsizi ananilaza stoo kwa kuni ninazomkatia, na akikaanga huniachia mawili. Ndicho chakula kilichopo. Yeye mwenyewe sijamwambia shida yangu, naona aibu, anajua nasubiri mnada tu.

Kuna bwana mmoja wa shati jeupe pale benki. Alikuwepo siku waliponikatalia, akanifuata nje kwa upole sana. Ana ndugu yake ndani. Nikimpa zote ataingia nazo, atatoka na randi, yeye achukue sehemu ya kumi tu. Nimemkwepa siku nane. Leo amenikuta tena, nikamwambia sawa. Najua ni makato makubwa kuliko ya mashine yoyote duniani, lakini mnada uko mbele na nikirudi mikono mitupu hakuna wa kunisikiliza. Nitasema nini? Kwamba pesa ipo ila haifanyi kazi?

Kesho saa tatu asubuhi nampa.

Lefa


Ha Ramothupi, Jumamosi, 26 Machi

Lefa, usimpe.

Najua kesho yako imeshapita siku tano, najua naandika kwa upepo, lakini usimpe. Kama umempa, basi niandikie hivyo hivyo bila kupamba, nijue nasimama na nini.

Na mimi nilikudanganya. Kondoo wanalala karibu na watu kwa sababu wako zizini kwa Phoofolo. Walikuja tarehe 12, wanaume sita, wakawaswaga wote thelathini na mmoja, hata yule wa Tlalane mwenye sikio jeusi. Phoofolo alisema kwa heshima, "Mama Tlalane, si kwa ubaya, ni dhamana tu." Mama Mokete alisimama barabarani akihesabu kwa sauti. Mkutano ni Jumamosi tarehe 9 Aprili. Usipokuwepo wewe au madume, watagawana, na wamesema hatutakuwa na kiti tena kwenye chama wala mtu wa kutuazima ng'ombe wa kulima.

Tlalane hali chakula. Anakwenda kusimama kwenye ukuta wa zizi la Phoofolo, anamwita yule kondoo, naye anaitika.

Ndani ya soksi hizi ninazokutumia kuna noti ya nyati, randi mia. Nimeuza blanketi langu la harusi kwa mke wa mwalimu. Usiseme kitu, majira ya baridi bado. Nunua chakula, halafu tafuta nauli ya kurudi mpakani, mnada uachane nao.

Kuna jambo linanizunguka kichwani tangu niongee na Ramaisa. Linamhusu Mohapi. Nimekaa na ile karatasi ya benki mkononi siku tatu. Kama wewe, mtu mzima, mwenye akili zako, umefikia kumpa mgeni fulana yako, basi yeye je? Siwezi kulimalizia. Nikilimalizia sitalala tena.

Moliehi


Cradock, Jumapili, 3 Aprili

Mama Tlalane,

Vaa blanketi, hata la kuazima, ukae chini ndipo usome. Barua hii inaletwa na wakata sufu wawili wa Qacha's Nek wanaorudi nyumbani, na wanayo bahasha nyingine kubwa. Waandalie chakula.

Sikumpa. Jumatatu ile nilikwenda kweli, nimefika mlangoni pa benki, bwana wa shati jeupe amenyoosha mkono, mimi niko katikati ya kuvua. Mama Nontsizi aliacha karai la mafuta motoni akaja na mwiko wake. Hakuniambia mimi kitu. Alimwambia yeye, "Wewe. Huyu analala kwangu." Yule bwana akaangalia saa yake, akakumbuka ana safari.

Nilimweleza yote pale pale, mbele ya maandazi yanaungua. Akasema, "Basi nyinyi wa mablanketi mna ugonjwa mmoja. Miaka sita iliyopita alikuja mwenzako, akampa pesa mtu kwenye mlango huu huu akaambiwa asubiri. Mtu akaingia mlango huu, akatokea wa nyuma. Mwenzako alisubiri mpaka benki ikafungwa. Kesho yake akaja akasubiri tena. Siku ya tatu nilimpa andazi, akalia." Nikamwuliza yuko wapi. "Anakata sufu mashambani, njia ya Graaff-Reinet. Kila msimu akipita hunilipa lile andazi, na kila mwaka namwambia alishalipa."

Nilifunga viatu palepale, Moliehi, nikaenda kumtafuta. Siku tisa nimezunguka mashamba kwa miguu. Randi mia yako ilinikuta Alhamisi niliporudi mjini mara ya pili, ndiyo iliyonipa mkate wa kuendelea. Ijumaa nikalikuta banda. Wakata sufu ishirini na wawili, wote watu wetu, wanaimba za nyumbani mikasi ikilia. Nikaeleza shida yangu: nyinyi mna randi na mnarudi nyumbani, mimi nina maloti na naelekea kununua, tubadilishane moja kwa moja. Wakanicheka. "Baba, tutajuaje hukuzichora mwenyewe?" Mmoja akapeleka noti kwa msimamizi wao, mtu wa mvi, aliyekuwa ameinama juu ya kondoo nyuma kabisa. Aliishika ile noti, akamwachia kondoo akakimbia na sufu nusu, akakaa sakafuni.

Ni Mohapi. Ni mzima. Ana mvi na goti moja bovu, lakini ni yeye, anavyokohoa kabla ya kusema ni vilevile.

Aliwaambia watu wake, "Badilisheni, mimi nasimama mdhamini." Wakabadilisha wote, mpaka senti, bila kukata hata moja. Jana nimenunua madume manne. Mama wa miwani alizihesabu noti za wanyama, akaniuliza Moshoeshoe hajambo. Nimemwambia anakusalimu.

Usiku wa Ijumaa Mohapi alinieleza kila kitu, halafu akaniapisha nisikwambie jambo moja. Nimeapa. Usiniulize nikifika. Amekuandikia mwenyewe.

Mimi nakuja na lori la madume, kuna karatasi za daktari wa mifugo pale mpakani, nitafika Ijumaa Mungu akipenda.

Lefa


Shambani, njia ya Graaff-Reinet, 3 Aprili

Moliehi mdogo wangu,

Sijui nianze vipi kwa hiyo naanza.

Pesa za chama nilizila mimi. Uliniambia nizitoe zote nyumbani, sikukusikiliza. Nilizitoa kidogo kidogo njiani, benki ikakata, zilizobaki nikazinywa Queenstown na watu nisiowajua. Hakuna aliyenidhulumu. Aliyesema vinginevyo kanihurumia tu.

Humu kwenye bahasha kuna elfu sita, zote randi. Zimenichukua muda. Barua hii isome mbele ya chama, wajue kwamba mwizi alikuwa mmoja, na kwamba wewe na Lefa hamna doa. Kondoo wenu wawarudishie.

Mimi nitabaki huku. Kazi ipo na nimezoea.

Mama asiambiwe habari ya goti.

Mohapi


Ha Ramothupi, Jumapili, 10 Aprili 2005

Kaka Mohapi,

Shikamoo. Wewe ni mwongo.

Nimesoma barua yako mara moja, nikaenda kwenye kopo la majani ya chai, nikatoa karatasi ya benki, nikazilaza pamoja mezani. Barua inasema kidogo kidogo. Karatasi inasema elfu sita, mara moja, siku moja, dirisha la Qacha's Nek. Lefa hakuvunja kiapo chake, mwache. Mama Nontsizi hakuapishwa, na maneno yake mume wangu alikuwa ameshayaandika kabla hujafunga bahasha. Ulinisikiliza, kaka. Ulifanya nilivyokwambia neno kwa neno, na ndiyo maana ulisimama siku tatu kwenye ule mlango. Na sasa unajiita mlevi ili mimi nisijue. Wewe ambaye pombe ya harusi yangu ilikupa homa.

Nimelia, naliandika. Nimekulilia miaka sita kwa hasira na siku nne kwa jambo jingine, na hili la pili ndilo linaloumiza.

Sasa sikia ya jana. Lefa alifika Ijumaa jioni, madume manne, miguu yote kumi na sita mizima. Mkutano ukajaa. Phoofolo akakagua meno, akakagua sufu, akasema kondoo wetu warudi. Tlalane alikwisha kumtoa wa kwake kabla hajamaliza sentensi. Watu wakaanza kuinuka. Nikasema kaeni.

Barua yako sikuisoma. Nilimpa Ramaisa karatasi ya benki aisome kwa sauti, kisha nikaeleza habari ya noti, ya mlango wa benki na ya shati jeupe. Nikawaambia: aliyewashauri wote wawili watoe pesa zote nyumbani ili benki isikate ni mimi, Moliehi. Mmoja amerudi kwa bahati ya mwiko wa mama wa maandazi. Mwingine aliibiwa, akaona haya, na sisi tukamwita mwizi kwenye kila kisima. Mkitaka kuswaga kondoo wa mtu, njooni mwaswage wangu kwa kosa hilo.

Ramaisa alivua kofia yake, akasema yeye alijua habari ya noti tangu ujana wake migodini na hakuna aliyewahi kumwuliza, wala yeye hakusema. Mama Mokete alitazama miguu yake. Halafu akasema, polepole, kwamba nyumbani kwake kuna chumvi nyingi, nipitie.

Niliweka bahasha yako ya elfu sita mezani. Phoofolo aliitazama sana. Unamjua, hana haraka. Akaisukuma kurudi kwangu. Akasema, "Hizi siwezi kuzipokea kwa mkono wako. Mweka hazina hukabidhi mwenyewe, akatia sahihi." Nikadhani anamsema Lefa. Akasema, "Huyo wa mwaka huu ameshakabidhi. Nasema yule wa mwaka tisini na tisa. Kitabu chake hakijafungwa, tunamsubiri."

Kwa hiyo pesa yako ninayo ndani ya kopo la chai na hairuhusiwi kutoka mpaka uje. Mama nimemwambia habari ya goti. Amesema atalikanda, na ameuliza kama bado unatia chumvi kwenye uji.

Dereva anaondoka. Nauli ya randi najua hukosi, na huko njiani usihangaike kubadili chochote. Njoo na noti zozote ulizo nazo. Huku tunazipokea zote.

Mdogo wako,
Moliehi